Kila mtu nyumbani ana jina lake la biashara yangu ya video

Assalaam alaykum Bi Somo, shikamoo.

Mie msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo naandika, naomba jina langu usilitoe maana huku Fuoni tunajuana sote. Nna miaka 29, nimeachika, nna mtoto mmoja na naishi kwa wazee wangu. Kazi yangu kupiga video za harusi, upande wa wanawake tu. Yaani singo, hina, kupamba, mpaka ukumbini wanawake wanapokuwa peke yao na taarab yao, mabuibui yamewekwa pembeni, pale mwanamme haingii wala kamera yake haingii. Mlangoni anakaa mama mmoja na kikapu anakusanya simu za watu, hata wifi wa bi harusi anaacha yake, mie peke yangu ndo napita na kamera.

Kazi hii nimejifunza kwenye studio moja hapa mjini, nikafanya nao miaka, na video zote nilizopiga zikitoka zina jina lao kwenye kona ya chini. Mpaka leo wapo niliowapiga hawajui kama ni mie. Nilipoondoka sikupewa hata klipu moja ya kumuonyesha mteja mpya kwamba jamani hii kazi ya mkono wangu. Ndo maana hili jambo la jina linanikaa rohoni, wengine wanaona natia chumvi.

Sasa nimeamua kujitegemea pamoja na kaka yangu. Yeye anapiga upande wa wanaume, nikaha msikitini, kumsindikiza bwana harusi, na siku hizi anapata na kazi za wageni wanaokuja kufunga ndoa ufukweni Nungwi na Paje. Kamera kubwa ni yake, mie nimenunua laptopu na taa na lenzi moja kwa hela ya kibati, ule mchezo wa kuchangiana kwa zamu. Tunataka tuwe tushasajili kabla harusi za Mfungo Mosi, baada ya Ramadhani, hazijaanza, na hapo kwenye jina ndo tumekwama.

Kaka anataka la Kiingereza lenye neno Zanzibar ndani. Anasema wageni ndo wanaolipa kwa dola na wakitafuta Google wanaandika Zanzibar, sasa jina la Kiswahili watalijuaje. Kashachora mpaka logo, ina mnazi na jahazi.

Mie moyo wangu uko kwenye Stara. Stara Video, au Stara Studio, hapo sijamaliza. Kwa sababu wateja wangu hawanitafuti kwa picha nzuri tu, wapo wenye kamera kali kuniliko, wananitafuta kwa kuwa wanajua picha zao kwangu hazitoki. Naediti usiku chumbani mtoto akishalala, laptopu nimeizima intaneti, na flashi namkabidhi mama wa bi harusi mkononi mwake, simpi mjumbe. Kaka anasema jina hilo kama duka la mabuibui.

Halafu wateja wenyewe hawana habari na yote mawili. Mama yangu ni mpambaji, kapamba mabibi harusi kuanzia Jang'ombe mpaka Makunduchi, na nusu ya kazi nazipata kwa ajili yake. Kwa hiyo wao wananiita "yule mtoto wa Bi Fulani anopiga video". Khalati anasema si muweke jina la mama tu yaishe, watu washalijua. Baba aliposikia akasema jina la mke wake halitozunguka kwenye masimu ya watu. Mama mwenyewe anacheka tu.

Juzi kaka kaniambia kama jina lake silitaki basi kila mtu afanye kivyake na kamera yake anaichukua. Sijui kasema kwa hasira au kakusudia. Mie bila kamera siwezi, na yeye bila mie upande wa wanawake hana, na harusi za kwetu ukikosa upande wa wanawake umeikosa harusi. Bi Somo, nichague jina gani? Au nimkubalie kaka tu yaishe?

Mpiga video, Fuoni

BI SOMO ANAJIBU

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma nikairudia, na kabla ya lolote nikupe hongera, kuachika na mtoto mkononi kisha ukajinunulia laptopu na lenzi kwa kibati si kitu kidogo, usiwaachie watu wakakufanya ukione kidogo.

Nikikuelewa vizuri mambo yako hivi. Majina yako matatu mezani, la kaka, lako na la mama, na kila jina lina mtu wake nyuma yake. Kaka akisema jina anamuona mgeni kashuka uwanja wa ndege na dola mfukoni. Wewe ukisema jina unamuona mama wa Fuoni anomuoza binti yake na hataki picha zake zionwe na mtu. Khalati anamuona jirani. Wote wateja kweli, wala hakuna aliyekosea, ila mnabishana jina wakati hamjakubaliana mnamuuzia nani, na ndo maana mazungumzo hayaendi popote. Hata ukiniletea majina kumi mengine mtabishana hivyo hivyo.

Tuanze na la kaka maana naona umeshalichukia kidogo kwa sababu ya yale maneno ya kamera. Ana hoja. Mgeni anotaka kuoa ufukweni Nungwi anatafuta akiwa bado kwao, hamjui mama yako wala hajui Fuoni iko wapi, kitu pekee alichonacho ni simu yake. Lakini lazima neno Zanzibar likae ndani ya jina? Kwenye Instagram pana jina la akaunti, halafu pana sehemu ya maelezo chini yake, maneno ya harusi na video na Zanzibar kwa Kiingereza yanaweza kukaa pale, na mtu akitafuta bado ana nafasi ya kukuona. Na hili mwambie kaka kwa upole: kwa vile kila mtu ana wazo kama lake, ukitafuta kwa neno Zanzibar wanatoka wengi, wote na mnazi wao na jahazi lao, mgeni atawatofautisha kwa kipi? Pale Mji Mkongwe kuna Capital Art Studio, ilifunguliwa 1930 na mzee Ranchhod Oza. Jina halina Zanzibar ndani yake wala halina Oza, na bado mtu akitaka kuiona Zanzibar ya zamani kwenye picha anaelekezwa huko. Picha ndo zilizolibeba jina. Sasa usije ukachukua huu mfano ukaenda kumpigia kaka kichwani, yeye zama zake ni za Google na mzee Oza hakuwa na Google, nakupa ufikirie tu.

Lipo jambo ambalo naona nyote hamjaligusa, na mie kama mzazi ndo lililonishtua. Hiyo akaunti ikiwa moja, ukurasa wake utakuwa na nini? Kaka ataweka bibi harusi wa kizungu mabega wazi anabusiwa na mumewe machweo ya Nungwi, ni kazi yake na ni nzuri na wao ndivyo wanavyotaka. Chini yake utaweka wewe mkono wa hina wa binti wa Fuoni. Mama wa bi harusi akiufungua ukurasa kabla ya kukupa kazi atafikiri nini? Labda hatojali, zama zimebadilika, na labda atafunga simu atafute mwengine. Sijui, wewe ndo unowajua wateja wako. Ila hili ni kubwa kuliko Kiswahili na Kiingereza, maana jina lolote mtakaloweka juu, ukurasa ndo utakaosema nyie nani.

Kwa hiyo jiulizeni kama hii ni biashara moja au mbili. Inawezekana mkawa na majina mawili, la kaka kwa kazi za ufukweni na lako kwa harusi za nyumbani, na ile harusi ya hapa inotaka pande zote mbili mkaifanya pamoja mkagawana. Faida yake kila mtu anasema na mteja wake kwa lugha yake. Hasara yake ada mara mbili, kurasa mbili za kuzilisha, na nyie wawili ndo nyie nyie mnochoka. Na pana hatari nyengine ya kimya kimya, la kaka linalolipwa dola likakua, lako likabaki la kusaidia. Jina moja nalo lina uzuri wake, mnaonekana wakubwa, mteja akiona familia nzima imekuja dada na kaka anapata imani. Ila jina moja linataka mmoja akubali kwamba si lote lake.

Haya, tuje kwenye Stara. Nimelipenda, sikufichi, na ni jepesi, hata huyo mgeni wa kaka atalitamka na kuliandika bila ya taabu. Lakini mwanangu jina hilo ni ahadi. Ukijiita jina la mnazi, klipu ikivuja watu watasema fulani kavujisha klipu. Ukijiita Stara klipu ikavuja, watacheka na jina lenyewe, na litazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwa mwaka mzima. Wala haitokuwa lazima uvujishe wewe. Flashi umemkabidhi mama, mama kampa binti yake mdogo aiangalie kwenye laptopu ya skuli, binti kaipeleka kwa shoga yake, basi. Sikwambii uliache. Nakwambia kama utalichukua basi uwe umeshapanga mambo ambayo jina hilo litakudai, nakala unakaa nayo muda gani kabla ya kuifuta, mteja anasaini nini siku anapopokea, na ikivuja kutoka kwao unaonyesha vipi kwamba haikutoka kwako.

Na kuna swali hapo ambalo nimelitafuta kwenye barua yako sikuliona. Kamera ni ya kaka. Usiku ule ukitoka ukumbini, memori kadi inalala kwenye mkoba wa nani? Umesema unaediti peke yako, vyema, lakini asubuhi kaka akiichukua kamera yake kwenda Nungwi na kadi imo ndani, wanawake mia waliokuvulia mabuibui hawakukubaliana na hilo. Simtuhumu kaka yako, hasha, nadhani hata kuangalia hataki. Ila mteja akikuuliza uwe na jibu, na jibu hilo mkae wawili mlikubaliane kabla ya jina, kadi zako ziwe zako na ziwe na kijisanduku chao na kufuli yake. Ukimwambia kaka hivi atakuelewa kuliko ukimwambia jina lako zuri na lake baya, maana hapa unazungumzia kazi.

La mama sasa. Umeandika mama anacheka tu. Kicheko cha mama mbele ya baba na khalati na watoto wake wanaogombana si jibu, mwanangu. Umeshamuuliza peke yake? Pengine jina lake kulipandisha kwenye bango ni heshima anoitaka na haisemi kwa ajili ya baba, na pengine hataki kabisa na hataki kukuvunja moyo. Mkamate mko wawili tu, mnachambua mchele, umuulize bila ya kumuombea jibu. Na baba usimuone mkali bure, mzee wa namna yake jina la mkewe ni jambo la ndani, hata kama mtaa mzima unalijua.

Tena liangalie na upande wa kazi. Mama yako si mpambaji peke yake mjini, na wapambaji ndo wanaowaambia watu mchukueni fulani wa video. Ukivaa jina la mama, wapambaji wengine watakuita kweli kwenye harusi zao, au watasema huyo wa kwa Bi Fulani aende kwa Bi Fulani? Halafu video ikichelewa, na huwa zinachelewa msijifanye, mteja hatokufata wewe, atapiga hodi kwa mama.

Lakini jua pia kwamba ukiliacha jina la mama hulipotezi. Watu wa hapa wana tabia ya kuita watakavyo. Ikhwani Safaa, ile klabu ya taarab, imeanzishwa 1905, jina tukufu la Kiarabu, na kuna waliokuwa wakisema Malindi tu wakaelewana. Wewe kesho andika lolote kwenye bango, Jang'ombe watasema yule mtoto wa Bi Fulani, na kazi zitakuja hivyo hivyo. Kwa hiyo jina la karatasi labda halina haja ya kufanya kazi ambayo mdomo wa watu unaifanya bure.

Kuhusu usajili nikwambie ninachokijua. Kwetu Zanzibar ni BPRA, ule Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, si BRELA, BRELA ni ya Bara. Jina likifanana sana na lililokwishasajiliwa linaweza kukataliwa, kwa hiyo msichapishe fulana na bango kwanza, nendeni na majina mawili matatu mkononi. Na hapo ukumbuke Stara ni neno linalopendwa na wengi. Vile vile jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili, kuandikisha jina hakukupi ulinzi wote wa nembo, na mkija kuota kufungua Dar es Salaam huko mtaanza tena, ulinzi wa huku hauvuki bahari. Mambo hayo muwaulize wenyewe BPRA mkiwa mmekaa mbele yao.

Ila hizo fomu zina sehemu ya mwenye biashara, na hapo mie ndo naona moyo wa barua yako ulipo. Umeniandikia kuhusu ile studio, kona ya chini, kuondoka mikono mitupu. Sidhani kama kinachokuumiza ni jina la kaka kuwa la Kiingereza. Nahisi unaogopa ukae tena miaka unapiga kazi chini ya jina ambalo siku mkikosana huondoki nalo. Kama ndivyo, basi hata Stara haitokuponya ikiwa kwenye fomu imeandikwa ni ya kaka peke yake, na hata jina la mnazi halitokudhuru sana ikiwa mmeandikwa wawili, na pembeni pana karatasi mmesaini kamera ya nani, laptopu ya nani, hela inagawanywa vipi, na mmoja akitoka nani anabaki na jina na nani anaruhusiwa kuonyesha klipu zipi. Kuandikishiana ndugu na ndugu watu wa hapa tunaona kama kutoaminiana. Mie nimeona ndugu wengi wamegombana kwa kutoandikishiana, lakini pia nimeona kaka aliyeletewa karatasi akasusa, kwa hiyo utajua mwenyewe mlango wa kuingilia. Labda baba akae kati, labda ami yenu, mtu ambaye nyote mnamsikiliza.

Na yale maneno ya kuchukua kamera, mimi sikuwepo, lakini mtu aliyekaa usiku anachora logo kisha akaambiwa hatuitaki na hakuna aliyemwambia hata ahsante kwa kuchora, huropoka. Muulize tu, likiwekwa jina la Kiswahili anaogopa nini kitatokea. Huku nyuma na wewe nenda kaulize kamera inakodishwa kwa siku shilingi ngapi mjini, maana umesema bila kamera huwezi, na sidhani kama umepiga hesabu. Ukijua kwamba harusi moja inaweza kulipia kukodi na ikabaki chenji, utakaa na kaka ukiwa huna hofu, na ukikubali utakuwa umekubali kwa kutaka. Ukijua hesabu haitoki nayo pia ni habari, utajua unamhitaji kiasi gani na uzungumze naye hivyo.

Kumkubalia yaishe, umeuliza. Unaweza. Wapo waliokubali wakala riziki yao kwa amani. Lakini jina utaliona kwenye kila video utakayoediti saa nane za usiku, na wewe ndo unojua ukiliona utasikia nini.

Hii haraka ya Mfungo Mosi nayo sijui kaiweka nani. Jina la biashara linaweza kubadilishwa baadaye kwa kujaza fomu nyengine na kulipia, usumbufu tu, ila video zilizokwisha kutoka na jina la zamani hazirudi. Kama mnaona mnaweza kukubaliana karatasi kabla ya sikukuu, sawa. Kama hamuwezi, pimeni kipi kina hasara zaidi, kusajili jina mmoja wenu kanuna, au kuchelewa kidogo.

Nisalimie mama. Mkishakaa na kaka niandikie mlichokubaliana kuhusu zile kadi, hata kama jina bado.

Bi Somo